Bonde Lisilofikiwa na Upepo

Bunagana, 2 Mei 1993

Kwa binti yangu Mama Damien,

Amani ya Bwana ikukute wewe na wote walio pamoja nawe. Viateur mkwe wangu hajambo? Na mzee mwenzangu Damien, ana meno mangapi sasa? Mimi nipo, ila mguu ulioumia siku tulipokimbia Masisi bado unakataa kiatu. Kwa bahati mlinzi wa depo anahitaji macho zaidi ya miguu, kwa hiyo wananivumilia.

Nasikia bado mko kwenye ile shule ya Sake, na surua imeanza. Tokeni humo. Nilipopita na lori la Léopold, huyu dereva anayekuletea barua, niliona bonde dogo kando ya njia ya Goma, karibu na ziwa. Majani mabichi, mawe pande zote, upepo haufiki. Hakuna aliyejenga pale. Watu wa Goma sijui macho yao ni ya nini. Mfugaji hawezi kuliona bonde lile akapita. Pigeni hema huko, chini kabisa, na wale ng'ombe watatu waliobaki watakula.

Tena acha kulala umemfunga mtoto mgongoni. Najua unaogopa kukimbizwa usiku. Lakini Damien anakohoa kwa sababu hapumziki. Mlaze chini kwenye majani makavu, ubavuni mwa ndama, kama nilivyokulaza wewe na wadogo zako.

Baba yako,
Munyakazi

Njia ya Sake, 9 Mei 1993

Papa mpendwa,

Shikamoo. Barua yako tuliipata, na Mungu ashukuriwe kwamba uko hai. Sisi ni wazima, ila kila asubuhi tunaamka na kichwa kizito.

Tuko bondeni. Ulisema kweli, baridi haituoni, na hata mbu hakuna. Viateur amefunga shiti la plastiki juu ya miti, akatutengenezea sisi wawili kitanda cha fito. Damien analala chini na ndama. Papa, kikohozi kimepungua, na analala mpaka inabidi nimtikise aamke. Mchana ana fimbo yake, anawachunga ng'ombe kwa matusi niliyokuwa nadhani hayajui. Ndege wawili na panya tuliwakuta wamekufa kwenye majani, akataka kuwachunga na hao.

Taa tukiiweka chini inazimika. Viateur anasema wametuuzia mafuta yenye maji.

Kuna mama mmoja, Kasoki, ana shamba la viazi vitamu hapo juu. Kila siku anasimama njiani, hashuki, anapaza sauti: "Mama, mutoke humo. Humo hapana pa kulala na mutoto." Nimechoka, Papa. Masisi tuliambiwa tutoke, pale shuleni tuliambiwa tutoke, na huyu naye. Jana nilimjibu vibaya. Nilimwambia bonde si shamba lake, tutalala humo mpaka tuzeeke. Ungekuwepo ungecheka.

Mwanao,
Mama Damien

Bunagana, 12 Mei 1993

Binti yangu,

Leo sikuulizi habari. Hameni saa hii, msingoje kumaliza kusoma.

Nilikuwa namsomea Léopold barua yako anakunywa chai. Nilipofika kwenye taa inayozimika akaweka kikombe chini. Akaniuliza: "Muzee, mutoto iko nalala chini?" Yeye ni mzaliwa wa Goma. Wanaita mazuku. Ni hewa mbaya inayotoka ardhini, nzito, inatulia kwenye mabonde, zaidi alfajiri kukiwa hakuna upepo. Aliyesimama haioni. Aliye chini inamuua: kuku, mbuzi, mtoto. Ndiyo maana hakuna aliyejenga pale, na mimi niliwaona wajinga.

Mfunge mgongoni. Yule mama wa viazi, mfuate popote atakapokuonyesha. Mimi ndiye niliyesema chini. Nisamehe.

Baba yako

Bunagana, 20 Mei 1993

Mama Damien,

Léopold amerudi. Anasema Alhamisi alimkuta Viateur njiani, akampa barua, Viateur akaitia mfukoni bila kuifungua, akaenda zake. Mwambie aniandikie yeye kama wewe huwezi. Hata mstari mmoja.

Baba yako

Njia ya Sake, 30 Mei 1993

Papa,

Shikamoo. Mimi na Viateur ni wazima.

Barua yako ilifika Alhamisi. Damien tulimzika Jumanne.

Alfajiri ile mvua ilikuwa imekatika, hata jani halikutikisika. Kasoki alishuka mwenyewe, amejifunga kitambaa puani, akamchukua mtoto na kukimbia naye juu. Nilipiga kelele kwamba tunaibiwa. Viateur alimfikia njiani na fimbo, akampiga mkononi, akamnyang'anya. Papa, Damien alikuwa analia. Alikuwa ameamka. Mimi ndiye niliyempokea, nikashuka naye, nikamlaza tena ubavuni mwa ndama, nikampigapiga mgongoni mpaka akanyamaza. Kisha nikapanda kusimama na Viateur, tumzuie yule mama asishuke tena. Yeye alikuwa amepiga magoti njiani anatuomba. Tulimlinda mtoto wetu hivyo mpaka jua likatoka. Niliposhuka, Damien na ndama walikuwa wamekwisha kupoa.

Nimekukasirikia wiki mbili. Bado nimekukasirikia kidogo, lakini nikihesabu makosa, lako ni la mbali, langu ni la mikono hii. Sijui nitafanya nini na hilo.

Kasoki, mkono ule umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, ndiye aliyetuonyesha pa kuchimba, katikati ya viazi vyake. Alivikata vishina akavitupa pembeni. Sasa tunalala kwake, juu, penye upepo, na asubuhi napalilia naye. Mpaka leo hajatuambia tutoke.

Binti yako,
Pascasie