Marahaba ya Baba Neema

Jumapili, Engutoto

Nimewadanganya watu wa jumuiya mchana kweupe, wakiwa na Biblia mikononi. Walikuja kumwombea mume wangu, nikawaambia, "Baba Neema yuko Makumira kwa dada yake." Kumbe yuko chumbani, nimemfungia mlango.

Kusikia anasikia yote. Ila tangu apate kiharusi amebaki na neno moja tu. Ukimuuliza kama anataka chai, "Marahaba." Ukimuuliza wapi panauma, "Marahaba." Wiki iliyopita wanakwaya walimcheka, nami nikaapa hawatamwona tena hivyo. Nasema nilimwonea huruma. Si kweli, niliona aibu.

Walipokuwa wanakunywa chai, binti mmoja aliyechelewa akaingia. "Shikamoo, mama."

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka chumbani, nzito kama ya zamani: "Marahaba!"

Hakuna aliyecheka. Waliaga mmoja mmoja bila kunitazama.

Nilipofungua mlango nilimkuta amekaa kitandani, amevaa koti la kanisani, vifungo vimepishana. Alijiandaa kupokea wageni.

Nikamwambia, "Baba Neema, nisamehe."

Hata lile neno lake moja, leo amelikalia.