Bati la Nyumbani au Gari la Kazini?

Shangazi mpendwa, shikamoo,

Nakuomba unisaidie kuamua, maana mwenyewe nimeshindwa na wa kumuuliza huku sina. Kazi yangu ni kukamua ng'ombe katika shamba moja nchi ya watu, mbali kabisa na mji, na ndugu zangu wakisikia "shamba" wanajua naishi bure, nachuma mboga, nakunywa maziwa, kumbe maziwa yenyewe nanunua kwenye duka moja tu la kijiji ambalo bei zake ni kama za uwanja wa ndege, na nikienda mjini kutafuta nafuu, nauli inaila nafuu yote. Nilipanga chumba mbali na kazi kwa sababu kodi yake ni ndogo, nikajiona mjanja, palikuwa na basi la asubuhi, sasa basi limeondolewa Jumamosi na Jumapili, na zamu zangu nyingi ni siku hizo, teksi inachukua karibu nusu ya ujira wa siku, basi natembea, Shangazi, gizani, kwenye barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu, malori yananipita mpaka koti linapepea. Wiki iliyopita nilikwepa moja nikaingia mtaroni, nikafika kazini nimelowa na nimechelewa, meneja akasema nikichelewa tena nisirudi.

Mama anayesimamia zamu yetu anauza kagari kake kazee. Leseni ninayo, na amekubali kunisubiri hadi mwisho wa mwezi. Hela ninayo pia, lakini ni hela ya bati. Tunajenga nyumba nyumbani, kaka yangu ndiye anayesimamia, kuta zimesimama, hata gereji ipo, imebaki kuezeka tu. Nilipomgusia habari ya gari akasema, "Mtu wa shamba gari la nini? Au umeshasahau kwenu?" Kisha akaniambia mama anataka aione nyumba imeezekwa kabla hajafumba macho. Neno hilo limenikata maini. Mama anaishi kwa kaka, mahali pa kulala anapo, lakini ni mama. Hawajui kama natembea, picha ninazowatumia ni za majani na ng'ombe walionona, sipendi kuwatia wasiwasi. Ninunue gari au bati?

Mkamua Maziwa, ughaibuni

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nimesoma barua yako na chai mkononi mpaka ikapoa.

Sasa tusikilizane. Umejenga gereji ya gari lipi? Huku unatembea gizani, kule kuna chumba cha gari ambalo hulinunui kwa sababu hela inajenga chumba chake. Nilicheka, usinikasirikie, halafu nikakasirika mimi. Kaka yako nitamlaumu kidogo tu, kwa sababu anapanga kwa picha unazomtumia, na kwenye picha zako hakuna mtaro.

Nunua gari. Kodi ndogo uliyojisifia unailipa kwa miguu, na ukifukuzwa kazi hakuna gari wala bati. Ila kabla hujatoa hela, mpeleke fundi akague breki na matairi, uulize bima ni kiasi gani na mafuta ya wiki yatakula nini, maana gari nalo lina tumbo. Tafuta mwenzako wa zamu anayekaa njia hiyo mchangie mafuta. Unga, mchele na sabuni nunua mjini mara moja kwa mwezi, na mwenye duka la kijiji umwachie mkate tu. Kaka mwambie afunike kuta zisiliwe na mvua, mabati yatakuja kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara ambao gari limeulinda. Akinuna, anune.

Kuhusu mama, maneno yake umeletewa na msimamizi wa ujenzi. Wewe mwenyewe hujamsikia akiyasema, nawe umeshayalilia. Jumamosi hii ukienda kazini, simama pembeni ya barabara, mbali na huo mtaro, umpigie. Usilie wala usimweleze mengi. Malori yakipita atakuuliza, "Hizo kelele za nini? Uko wapi saa hizi?" Mwambie ukweli. Halafu mwulize yeye, gari au bati.