Majani ya mlonge uliyomletea Shani

Kiongoroni

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Natumaini hapo Nyamwage mmeamka salama na kifua cha mama kimetulia. Mimi nipo, namshukuru Mungu. Simu yangu iliingia maji ya chumvi, ndiyo maana nakuandikia na kumpa nahodha wa boti.

Dada, mfuko wa majani ya mlonge ulifika. Nilipoufungua nikasikia harufu ya uani kwetu, nikakaa chini kwanza. Umeyakausha vizuri kivulini, yana rangi yake bado. Hapa mlonge haukai. Yale matawi niliyokuja nayo nilipoolewa niliyachomeka nyuma ya jiko, yakachipua, maji ya bamvua yakapanda mpaka uani na chumvi yake, yakafa basi.

Nesi anayekuja na boti kupima watoto alimfunga Shani ule utepe wa kupima wembamba wa mkono, ukasoma njano, yaani ameanza kudhoofu. Akaniuliza, "Mama Shani, mtoto anakula nini?" Nikamwambia uji wa mhogo. "Na kamba?" Nikamwambia kamba wanauzwa. Akacheka, akasema, "Kamba wanaliwa na watu wa Dar, nyie mmebaki na unga mweupe." Kisha akanieleza kwa upole. Dagaa mkavu nimtwange na kichwa na mifupa yake, ndiyo nguvu ya mifupa ya mtoto. Mbegu za maboga tunazotupa nizikaange nizitwange. Mlonge unasaidia damu na macho, kijiko kidogo tu kwenye uji ukishaiva, nisiuchemshe nikamwaga maji yake. Njugu nikipata, nimtilie. Nilifurahi dada, maana hivyo vyote navijua tangu utoto. Nikaona mwanangu atapona kwa vitu vya jikoni. Ndipo nikakutumia salamu uniletee mlonge.

Sasa sikia. Siku mfuko ulipofika nilikwenda kisimani. Kurudi, namkuta mama mkwe amemketisha Shani kwenye beseni anamwogesha, na majani yote yamo ndani ya maji. Mfuko mtupu.

"Mama, hayo ni ya uji," nikamwambia.

"Mtoto aliyebemendwa halishwi majani, anaogeshwa. Mngevumilia mpaka aache ziwa, yasingetukuta haya."

Jirani alikuwepo, akageukia pembeni anacheka. Dada, wewe unanijua. Omari tangu Shani azaliwe yuko zaidi dago, kambini na wavuvi wenzake, kuliko nyumbani, hiyo nafasi ya kumbemenda mtoto tungeipata lini? Na mama mkwe hamchukii mjukuu wake. Alikuwa anamwimbia huku anamkamulia majani kichwani, machozi yanamtoka. Hilo ndilo linanimaliza nguvu. Ningekuwa na mtu wa kumchukia ningepata nafuu.

Nikaendelea na dagaa na mbegu za maboga. Mwanzoni alikula, akawa ananyanyua kichwa nikimwita. Nikasema sasa tumevuka. Halafu akaanza kukataa kijiko. Miguu imevimba, ukibonyeza kidole kishimo kinabaki. Nesi aliporudi utepe ulisoma nyekundu, na safari hii hakucheka. Akasema, "Mama, vyakula vile ni vya kumlinda na kumkuza. Hapa alipofika anataka maziwa ya hospitali. Mpeleke Kibiti, usingoje." Akataka kutuchukua kwenye boti ile ile.

Mama mkwe akasimama mlangoni. Kasema mtoto wa namna hii hatoki mpaka baba yake arudi tufanyiwe dawa wote pamoja, akitoka kabla atafia njiani. Nami ni mke wa mtu, bila ruhusa ya Omari naondokaje? Nesi alibishana naye mpaka maji yakaanza kupwa, boti ikabidi itoke. Huko dago nimetuma watu. Hakuna jibu.

Dada, nilipoanza barua hii nilitaka kukuomba mfuko mwingine. Nilitaka uyatwange kabisa majani, uyachanganye na unga wa njugu, umwambie nahodha ni unga tu wa kupikia. Nimeandika mpaka hapa nikamwangalia mwanangu, hata mate anameza kwa shida. Majani usilete. Njoo wewe, na uje na baba mdogo. Yeye ndiye aliyeniozesha baada ya baba kufariki, akisimama mbele ya mama mkwe hawezi kuzuiwa kunichukua. Mimi bado naamini tutafika Kibiti. Kanga ya Shani ya safari nimeshaifua.

Nisalimie mama, ila habari ya miguu usimwambie. Nisalimie shemeji, na mke wa baba mdogo, na yule bibi jirani aliyekusaidia kuchuma mlonge, mwambie ulifika na nimeshukuru. Wanao wabusu.

Ni mimi mdogo wako,
Hadija, mama yake Shani

Ukifika nitakupa umbebe. Usishtuke dada, amekuwa mwepesi.