Salamu za Dirishani

S.L.P. 14,
Kilosa.
9 Juni, 1974

Mpendwa mwanangu Costancia,

Marahaba kwa shikamoo uliyoniandikia. Je, kile kifua kilichokusumbua wakati wa Pasaka kimepona? Huku Mvumi sisi ni wazima, ila magoti yangu hayapendi asubuhi za baridi za mwezi huu. Pamba ya shamba la kijiji imeanza kupasuka, na kila mwenye mikono anavuna.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umenieleza habari ya madoa yaliyokutoka mashavuni baada ya kupaka ile krimu ya kung'arisha ngozi, na kwamba tarehe mosi Julai daktari wa ngozi atakupaka dawa ya kubambua uso. Umeomba nisimwambie mtu. Umesema utajifungia chumbani peke yako siku nne, kisha urudi kwenye dirisha lako la posta. Mwanangu, sikucheki wala sikulaumu. Wengi walipaka krimu za namna hiyo, na waliowauzia hawakuwaeleza kitu. Lakini siku nne hazitoshi, na upweke si dawa.

Unamkumbuka Joha, binti wa jirani niliyemlea baada ya mama yake kufariki. Mwaka jana alikuwa na madoa kama yako, akapakwa dawa hiyo hiyo na daktari huyo huyo. Nilimpeleka mwenyewe, na kwa kuwa nilifundisha sayansi miaka ishirini na sita, nilimchosha daktari kwa maswali.

Acha krimu zote leo, usingoje mkesha wa siku ya dawa. Mwombe daktari akujaribie kwanza nyuma ya sikio, kwani ngozi yetu ikiunguzwa kupita kiasi huponea kwa kuwa nyeusi zaidi. Kama huwa unatokwa na malengelenge mdomoni, mwambie, maana dawa hii huyaamsha. Dawa yenyewe ni aina ya asidi. Itawasha kama pilipili kwa dakika chache, na ukipepewa utapata nafuu. Siku ya pili uso utavimba. Siku ya nne, hiyo unayotaka kurudi kazini, utakuwa wa kahawia na mkavu kama ganda la kitunguu, halafu uanze kubambuka. Usivute hata kipande kimoja. Ngozi ya chini inakuwa haijawa tayari. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini, kisha paka vaselini. Jua usilione kabisa wiki mbili. Baada ya hapo ni mwavuli, miezi mingi.

Hayo yote Joha aliyafuata. Aliyekosea ni mimi.

Niliona haya kusema ukweli. Ili asidaiwe zamu ya shamba la kijiji, nilimwambia balozi wetu wa nyumba kumi, Ndugu Filipo, kwamba Joha ana homa. Filipo ni mtu mwema, akatangaza shambani. Kesho yake uwanja wangu ulijaa watu waliokuja kutoa pole, na uji, na maboga. Nawe unajua kwetu mkubwa hasalimiwi kutoka nyuma ya ukuta. Kila hodi ilipopigwa, Joha alijitanda khanga akatoka kupiga goti.

Siku ya sita, saa saba mchana, akaja Mzee Tipis, mfugaji wa ng'ambo ya mto, na kibuyu cha maziwa. Akasimama katikati ya uwanja. Joha akatoka, akafunua uso kwa heshima, akainamisha kichwa aguswe utosini kama ilivyo desturi ya kina Tipis.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ng'ombe wenu hawajambo?"

"Hatuna ng'ombe, babu."

"Mbuzi je?"

"Hatuna, babu."

"Maskini! Na hao kuku, wanataga?"

Mimi nilikuwa jikoni nacheka. Nilicheka huku ngozi changa ya mtoto inaungua juani. Wiki iliyofuata shavu la kushoto lilikuwa jeusi kuliko mwanzo. Joha alilia, kisha akaniambia, "Mama, bora ungesema tu." Doa lile limefifia, lakini lipo hata leo.

Nilipomweleza Mzee Tipis, alikasirika kwa kufichwa, si kwa dawa. "Mwalimu, hata kwetu wapo wanaokaa ndani mpaka wapone. Ungeniambia, ningemsalimia dirishani." Tangu siku ile alipita nyuma ya nyumba, penye kivuli, akagonga ukuta kwa fimbo, akapokea shikamoo yake dirishani na kwenda zake. Wazee wengine wakamfuata.

Basi omba likizo ya wiki tatu. Daktari akishakuruhusu kusafiri, panda treni, ujifunike vizuri. Joha atakungoja stesheni ya Kilosa na mwavuli. Chumba cha nyuma nimekitia pazia zito. Nami niruhusu niseme jambo moja tu: kwamba mwanangu anatibiwa uso, na jua amekatazwa. Usiponiruhusu nitanyamaza, maana uso ni wako. Ila nitaogopa kila hodi.

Nisalimie kaka yako Beda, na Hildegarda unayeishi naye. Mungu auongoze mkono wa daktari, akuletee usingizi mwema siku za kuwashwa.

Joha, ambaye peke yake nimemwonyesha barua yako, unisamehe, anakusalimu sana. Anasema uje uyatazame mashavu yake yote mawili, ndipo unijibu kama niseme au ninyamaze.

Ni mimi shangazi yako nikupendaye daima,
Regina