Vyeti Nilivyovitoa Sandukuni

Mkonze, Dodoma
14 Juni 2024

Mpendwa mpwa wangu Gladness,

Kabla sijakujulia hali, pokea nililolificha miaka tisa: vile vyeti vya sanduku la Kusanyiko havikuliwa na mchwa, kama nilivyowaambia wazee. Nilivitoa mimi, nikawapa vijana waliotaka kuondoka.

Sasa salamu. Shikamoo yako naipokea hata kabla hujaitoa. Hujambo huko Bukoba? Raphael mumeo na mtoto wazima? Mimi mapafu yamechoka. Daktari alizungukazunguka na maneno mpaka nikamwonea huruma, nikamwambia nimeelewa. Baridi ya Juni hii naiona. Ya mwakani sidhani.

Unaukumbuka utaratibu wa Kusanyiko, dhehebu letu. Mtoto akimaliza kidato cha nne, cheti chake na kile cha kuzaliwa vinaingia sandukuni kwa katibu, asije akashawishika na chuo. Katibu nilikuwa mimi, mwalimu mstaafu, ufunguo shingoni. Aliyetoka, alitoka mikono mitupu. Wewe ulifagia nyumba ya wageni mwaka mzima na daraja lako la kwanza. Bahasha isiyo na jina la mtumaji iliyokuletea vyeti vyako ilitoka kwangu.

Baada yako walikuja kumi na mmoja. Elieza alijifanya anataka kujifunza zaburi, akaondoka na cheti ndani ya kitabu cha nyimbo. Leo yuko chuoni Hombolo. Anastazia alikaa kwangu wiki tatu, nikawaambia watu ni mpangaji. Mpangaji gani yule! Alimaliza sukari yote. Wapo wanaomwamini Mungu hadi leo, wapo wasioamini. Sikuwauliza. Niliwauliza kama wana nauli na mahali pa kulala.

Mwezi uliopita sanduku lilifunguliwa, na hata alama ya mchwa haikuonekana. Mzee Stanley, kiongozi wetu, akaja na wazee wawili, wakakataa hata kukaa.

"Mwalimu, vyeti vya watoto wetu viko wapi?"

"Viko kwa wenyewe."

"Umewatupa duniani!"

"Nimewapa karatasi zao, Stanley. Duniani waliwekwa na mama zao."

"Tubu, mzee. Umebakiza siku ngapi?"

"Chache. Ndiyo maana sina muda wa kuzipoteza kwa kutubu jambo jema."

Wakanitenga. Muumini haruhusiwi kunisalimia wala kula nami. Jirani yangu Joha, ambaye miaka yote nilikataa futari yake, ndiye anayeniletea uji. Ni mtamu kuliko mahubiri ya Stanley, tena hauchukui saa tatu. Wakitaka kunizika bila wimbo, na wanizike. Vijana kumi na mmoja wanajua kuimba.

Sasa mama yako. Penina yuko Hombolo na zabibu zake, simu hana, na macho yameanza kumwishia. Uliniambia hutakanyaga pale maadamu yu hai, kwa sababu alikukana. Nilinyamaza. Mbele ya Stanley ulimi ninao. Mbele yako ulikauka.

Mkumbatie mtoto kwa niaba yangu, na Raphael umwambie mjomba wa mkewe hakuwa mtu mwepesi. Msalimie pia Yasinta, mmoja wa wale kumi na mmoja, akipita hapo kwenu. Mungu, kwa jina lolote unalomwita siku hizi, akushike mkono, hasa ukiifunga barua hii na kuanza kunichukia.

Barua ile ya mwaka 2014, "Mimi si mama yako tena," yenye dole gumba la Penina, niliiandika mimi. Mama yako hajui kusoma. Yeye aliniambia niandike: "Rudi, mwanangu, mlango uko wazi." Wakati huo bado nililiamini sanduku: niliandika maneno yangu, nikamsomea ya kwake, naye akatia dole akitabasamu.

Mjomba wako, anayekupenda hata hivyo,
Bartolomayo