Dakika Thelathini na Tisa za Sable Creek

OFISI YA SHERIFU, KAUNTI YA TARKWELL, MISSOURI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Verlene Stucky
Umri: Miaka 63
Kazi: Mwenye duka la vyakula na petroli
Makazi: Sable Creek, mashariki mwa kaunti
Tarehe: Jumatano, 14 Oktoba 2015

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu, hata kama Kamishna Mkuu Royce Pelzer atasema vingine.

Nimeitwa kwa sababu Bwana Pelzer amemshtaki jirani yangu Delbert Ruckman, mkulima wa miaka 71, kwamba jana kwenye kikao cha kaunti alimkamata mguu akamwangusha. Si kweli. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka pale, na miwani yangu nilikuwa nimeivaa.

Lakini huwezi kuelewa Delbert alikuwa anafanya nini sakafuni bila kujua habari ya gari la wagonjwa, kwa hiyo andika na hiyo.

Mnamo tarehe 3 Aprili 2012 tulipiga kura kuongeza kodi ya mauzo, nusu senti kwa kila dola, kwa ajili ya magari ya wagonjwa na zimamoto. Mimi ndiye ninayeikata dukani, kwenye kila kopo la maharage. Karatasi ya kura ilisema fedha zitagawanywa kwa idadi ya wakazi wa kila upande wa kaunti. Tukaona ni haki. Bango la kuunga mkono kura hiyo, "Kila Kichwa Fungu Lake", nililibandika mimi mwenyewe mlangoni kwangu. Hakuna aliyekumbuka kwamba gereza la jimbo liko magharibi, na sensa inawahesabu wafungwa 1,140 kuwa wakazi wa pale walipofungiwa. Wale wana zahanati yao humo ndani na hawajaliita gari letu hata siku moja. Ila kwenye mgao, kila mmoja wao ni kichwa. Sisi mashariki tuko mia tisa na kidogo. Mwaka huu makamishna wamesema fungu letu halitoshi kuendesha kituo, kwa hiyo gari letu lihamie Pruitt, makao makuu ya kaunti. Nikilikumbuka lile bango naona aibu, wala sifichi.

Mnamo tarehe 6 Februari mwaka huu Ione, mke wa Delbert, alishikwa na shtuko la moyo akiwa jikoni anakaanga mayai. Gari la kituo chetu lilimfikia kwa dakika sita. Yuko hai. Daktari amemwambia shtuko lile linaweza kurudia. Kutoka Pruitt mpaka mlangoni kwao ni dakika thelathini na tisa. Nimepima mwenyewe kwa gari langu mara tatu, bila trekta mbele yangu.

Jana, Jumanne tarehe 13, kikao kilianza saa tatu asubuhi katika jengo la kaunti, Pruitt. Kila mwananchi aliyejiandikisha anapewa dakika tatu za kusema, na karani anazipima kwa kisaa cha jikoni chenye umbo la nyanya. Tulijiandikisha watu kumi na watatu wa Sable Creek. Piga hesabu. Wazo lilikuwa langu, si la Delbert, na naomba hilo liandikwe.

Saa tatu na dakika kumi niliitwa wa kwanza. Nikasema, "Bwana Mwenyekiti, Delbert ameanguka. Gari liko njiani kutoka Pruitt." Hakuna aliyepiga simu kweli, tusingemsumbua dereva. Delbert akajilaza katikati ya chumba, taratibu, maana magoti yake mabovu, akaweka kofia kifuani. Mimi nikasimama kimya mpaka nyanya ikalia. Akaja wa pili, naye akasimama kimya.

Bwana Pelzer akasema, "Verlene, mchezo gani huu?"

Nikamwambia, "Zamu yangu imeisha, mheshimiwa. Muulize aliyesimama."

Watu wakacheka. Akamwuliza karani kama jambo hili linaruhusiwa. Karani alifunua kanuni, akasema, "Zinasema dakika tatu. Hazisemi lazima mtu aongee."

Saa tatu na dakika ishirini na nane, wa saba alipokuwa anasimama, Bwana Pelzer aliinuka akasema anakwenda kuchukua kahawa. Nafasi ya kuzunguka ilikuwepo. Yeye akamruka Delbert. Buti lake likanasa kwenye mkanda wa ovaroli ya Delbert, pale begani, akaanguka, akatua kwa viganja. Mikono ya Delbert haikuondoka juu ya kofia yake. Alisema tu, "Royce, umeumia? Vumilia, gari linakuja."

Bwana Pelzer akasema, "Inuka bwana, unajitia aibu."

Delbert akajibu, "Bado dakika ishirini."

Bwana Pelzer akarudi kwenye kiti chake. Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Mimi niliyepanga yote nilifikiri nitajisikia mjanja. Kufika mtu wa kumi nilikuwa naangalia kifua cha Delbert kama kinapanda, na nilijua fika kwamba ni mzima.

Wa kumi na tatu alikuwa Ione, na fimbo yake. Alisimama mpaka nyanya ikalia. Muda wake ulikuwa umekwisha, ila karani hakumzuia. Akasema, "Sasa gari limefika. Mimi nimeshakufa nusu saa iliyopita. Royce, ungeniletea msibani sufuria ya viazi vya jibini vya mkeo, na ungelia kweli, maana nakujua tangu shule." Kisha akamwambia mumewe, "Amka, twende nyumbani." Walimwinua watu wawili.

Kura ya makamishna juu ya kulihamisha gari iliahirishwa hadi Jumanne tarehe 20. Malalamiko haya yameletwa jana hiyohiyo jioni, na nimeambiwa mpaka yasikilizwe Delbert haruhusiwi kuingia katika jengo la kaunti. Sawa. Jumanne saa tatu asubuhi nitalala mimi mahali pake. Wasemaji kumi na watatu wameshajiandikisha.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya, na sina neno la kufuta.

Sahihi: V. Stucky

Maelezo yameandikwa na mimi, Naibu Sherifu C. Ohlberg. Nimemsomea shahidi, amekubali kuwa ni sahihi. Yalianza saa 4:05 asubuhi, yakaisha saa 4:44. Shahidi ameomba saa hizo ziandikwe. Nimeziandika.