Maelezo ya Karani Kuhusu Herufi C Katika Nakala ya Matokeo

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limehifadhiwa kwa ombi la shahidi
Umri: miaka 25
Kazi: karani, ofisi ya mitihani ya chuo kikuu
Makazi: kwa dada yake, nyuma ya kiwanda cha matofali

Mimi ndiye ninayeingiza alama za wanafunzi kwenye kompyuta na kuchapa nakala za matokeo. Mtuhumiwa namfahamu. Alikuwa mwaka wa mwisho, shahada ya maabara. Aliugua siku ya mtihani mmoja, hivyo somo hilo likapewa herufi I, yaani halijakamilika. Mwezi Machi aliufanya mtihani huo peke yake, nami nikiwa msimamizi. Mhadhiri alileta alama wiki ileile. Kwa utaratibu wetu, alama haiingizwi wala haitajwi kwa mwanafunzi mpaka seneti ya chuo iipitishe. Kikao cha seneti kiliahirishwa mara mbili. Mwaka wa masomo ulipofungwa, kompyuta iligeuza kila I kuwa F. Wastani wake ukaporomoka, na mbele ya jina lake pakatokea neno AMEONDOLEWA.

Akaanza kuja kila asubuhi na kukaa kwenye benchi letu. Mchapaji wetu, mama mcheshi, akambatiza Mpangaji.

"Mpangaji, kodi ya benchi utalipa lini?"

"Nipeni herufi yangu nihame hata leo, mama."

Tulicheka wote, na mimi pia.

Mnamo tarehe 3 Juni aliniambia kuwa hospitali moja imempa kazi ya maabara, ila inataka nakala ya matokeo kufikia Ijumaa. Akasema, "Kaka, niambie tu kama nilifaulu." Nilijua amefaulu. Nikamwambia, "Subiri kikao, dada." Hakurudi tena.

Mnamo tarehe 17 Juni, saa nne asubuhi, nilipokea barua pepe ya hospitali ikiuliza kama nakala iliyoambatishwa ni yetu. Niliona F ya nakala tuliyokuwa tumempa imegeuzwa kuwa C. Nilimwonyesha mkuu wa ofisi, nikamkumbusha kuwa alama ya kweli tunayo kabatini.

Akasema, "Umeulizwa ni yetu au si yetu. Jibu ulichoulizwa, mdogo wangu. Wewe bado uko kwenye majaribio ya kazi."

Nilijibu: si yetu. Jibu hilo ni la kweli. Sikuongeza sentensi ya pili, na nafasi ya kuiongeza ilikuwepo. Kesho yake alikamatwa hospitalini akiwa amevaa koti la maabara.

Kubadilisha herufi, alibadilisha, hilo silipingi.

Leo nilipoitwa hapa kuitambua nakala hiyo, nilimkuta kwenye korido na askari wa kike. Hakunilaumu. Aliniuliza, "Kaka, kwani nilipata ngapi?" Nilimtazama afande. Hakunizuia. Nikasema, "Sitini na nane. Ni B."

Akasema, "Nilitaka kuandika B. Nikaona nitakuwa nimejipendelea."

Hayo ndiyo ninayoyajua. Karatasi ya mhadhiri yenye alama hiyo nimekuja nayo, na nimeikabidhi kituoni bila kutumwa na mtu.

Sahihi ya shahidi: ....................

Maelezo ya afisa: Shahidi amejisomea mwenyewe. Kabla ya kutia sahihi aliuliza kama mkuu wake ataweza kuyaona maelezo haya. Nilimjibu kuwa yakifika mahakamani, kila mtu atayasikia. Aliomba maji, akanywa, akatia sahihi.